Vitabu vya Baghdad na Safari ya Elimu

Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya vijana wa shule na wazazi wao. Tunayachapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuwapo.



Nimeombwa niseme nanyi habari za ustaarabu wa nchi za Kiislamu zamani. Jambo hili ni pana mno. Mtu akitaka kulieleza lote, tangu Andalusia mpaka Bara Hindi, na tangu Samarkand mpaka Timbuktu, jua litakuchwa naye hajafika nusu ya safari. Kwa hiyo nimechagua mji mmoja na kazi moja. Mji ni Baghdad, na kazi ni ile ya kutafuta vitabu, kuvifasiri, kuvinakili na kuvieneza. Nimeichagua kazi hiyo kwa sababu ndani yake mna fundisho litufaalo sisi sote, wa shamba na wa mjini. Fundisho lenyewe ni hili: elimu haidumu kwa mtu anayeificha. Hudumu kwa yule anayeipokea bila kuona haya, akaisahihisha, akaiandika, kisha akaitoa kwa wengine.

Na tuanze na maneno matatu ambayo killa kijana aliye hapa anayajua: kalamu, karatasi, daftari. Tukiulizwa maneno hayo yametoka wapi, tutajibu upesi kwamba yametoka kwa Waarabu. Jibu hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Waarabu nao waliyapata kwa Wayunani, mengine yakipitia kwanza katika lugha za majirani zao. Kwa Kiyunani "kalamos" ni tete, "khartes" ni ukurasa wa mafunjo, na "diphthera" ni ngozi iliyotengenezwa. Basi mtoto anaponunua daftari dukani kwa senti zake, hutamka neno ambalo asili yake ni ngozi ya mnyama katika nchi ya Wayunani, likapita Uajemi na Arabuni, likavuka bahari mpaka pwani yetu, kisha likapanda mpaka bara. Maneno hayo yalisafiri kwa njia ile ile waliyopita vitabu na elimu, nayo ndiyo njia nitakayowaeleza.

MJI WA AMANI

Mwaka wa 762 Khalifa al-Mansur, wa ukoo wa Abbas, aliamuru mji mpya ujengwe kando ya mto Tigris, ambao Waarabu huuita Dijla. Aliuita Mji wa Amani, lakini watu waliendelea kuuita kwa jina la kale la mahali pale, Baghdad. Ukuta wake ulikuwa wa mviringo, nao ulikuwa na milango minne, killa mlango ukiitwa kwa jina la mahali ulikoelekea: Basra, Kufa, Khurasan na Shamu. Kwa mto walikuja watu wa majahazi waliotoka Ghuba na Bara Hindi. Kwa nchi kavu ilikuja misafara ya ngamia kutoka Uajemi, Shamu na Misri.

Mahali ambapo bidhaa hukutana, watu pia hukutana, na watu wakikutana maarifa hubadilishana mikono kama bidhaa. Waislamu walikaa humo pamoja na Wakristo wa Shamu, Wayahudi, Waajemi, na watu wa Harran walioshika dini ya nyota. Serikali ya mji huo ilihitaji makarani wa kuandika kodi, waganga wa kutibu wagonjwa, wapimaji wa mashamba na mifereji, na wajuzi wa nyota wa kusaidia kupata nyakati za sala na upande wa kibla. Kwa haja hizo watu wakaanza kuuliza: Nani walijua mambo haya kabla yetu, na vitabu vyao viko wapi?

KARATASI

Lakini vitabu havitengenezwi kwa hamu tupu. Lazima kipatikane kitu cha kuandikia. Zamani watu wa nchi hizo waliandika juu ya mafunjo yaliyotoka Misri, au juu ya ngozi. Mafunjo hayadumu vema mahali penye unyevu. Ngozi hudumu sana, walakini ni ghali, maana kitabu kimoja kikubwa huhitaji ngozi za kundi zima la kondoo au mbuzi. Ni matajiri wangapi wangechinja kundi ili wapate kitabu?

Wachina walikuwa wamekwisha kuvumbua karatasi karne nyingi kabla ya hapo. Katika karne ya 8 kazi hiyo ilishika mizizi katika mji wa Samarkand, katika Asia ya Kati. Kabla ya karne ile kwisha, wakati wa Khalifa Harun al-Rashid aliyetawala tangu 786 mpaka 809, karatasi ilikuwa ikitengenezwa katika Baghdad yenyewe. Mafundi wake walitumia matambara ya kitani na kamba kuukuu za katani. Waliyaloweka, wakayatwanga mpaka yakawa uji, wakauchota uji ule kwa chujio pana, maji yakachuruzika, ukabaki utando mwembamba. Utando ule walipoukausha na kuupaka wanga, ulikuwa tayari kupokea wino. Hivyo nguo iliyochakaa, ambayo sisi tungeitupa jaani, iligeuka ikawa ukurasa wa kitabu.

Yasimuliwa kwamba maofisa wa serikali waliipenda karatasi kwa sababu nyingine pia. Maandishi yaliyo juu ya ngozi yaweza kukwanguliwa kwa kisu na kuandikwa mengine mahali pake. Lakini mtu akijaribu kukwangua karatasi, hila yake huonekana. Ye yote aliyepata kuwa na neno la mpaka wa shamba ataelewa mara moja faida ya jambo hilo.

Karatasi ilipokuwa rahisi, vitabu vilizidi. Mwandishi mmoja wa karne ya 9, al-Ya'qubi, aliandika kwamba katika Baghdad ya siku zake yalikuwako maduka zaidi ya 100 ya wauza vitabu. Maduka hayo hayakuwa ya kuuza tu. Humo watu walinakili vitabu kwa mkono, wakavijalidi, wakabishana habari za ndani yake. Yasimuliwa juu ya al-Jahiz wa Basra, mwandishi maarufu aliyekufa mwaka wa 868 au 869, kwamba alikuwa akikodi maduka ya vitabu usiku kucha, si kwa kulala, bali kwa kusoma mpaka asubuhi. Huyu ndiye aliyeandika pia risala ya kusifu watu weusi na kuwajibu waliowadharau.

Wala kazi ya kalamu haikuwa ya wanaume peke yao. Katika karne ya 12 aliishi Baghdad mwanamke aliyeitwa Shuhda, aliyesifiwa kwa mwandiko wake hata akapewa jina la al-Katiba, yaani Mwandishi. Alifundisha Hadithi za Mtume, na wanafunzi walikaa mbele yake wakamsikiliza. Alikufa mwaka wa 1178 naye ni bibi mzee sana.

HUNAYN MFASIRI

Sasa nitawaeleza habari za mtu mmoja ili mwone kazi ya kufasiri ilivyofanywa. Jina lake ni Hunayn ibn Ishaq, aliyezaliwa karibu na mwaka wa 809 katika mji wa al-Hira, naye alikuwa Mkristo. Alijifunza uganga, akajifunza Kiyunani barabara, na pamoja na hicho alijua Kiarabu na Kisiria. Makhalifa wa Kiislamu na matajiri wa Baghdad walimpa kazi, ingawa dini yake ilikuwa nyingine.

Kazi yake kubwa ilikuwa kufasiri vitabu vya Galen, mganga wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 2. Hunayn aliandika orodha ya vitabu 129 vya Galen, akaeleza killa kimoja kimefasiriwa na nani, kwa ajili ya nani, na tafsiri yake ni nzuri au ni mbaya. Kimoja katika vitabu hivyo kilimsumbua sana. Alikitafuta Iraki, Shamu, Palestina na Misri mpaka akafika Aleksandria. Na baada ya safari hiyo yote alikipata nusu yake tu, katika Dameski. Fikirini, vijana: mtu kuvuka majangwa kwa ajili ya kitabu, kisha akarudi na nusu, na bado akahesabu kwamba amepata kitu!

Tena kuna habari nyingine inayonipendeza kupita hiyo. Hunayn alipokuwa kijana wa miaka kama 20 alifasiri kitabu kimoja cha Galen kutokana na nakala ya Kiyunani iliyojaa makosa. Watu waliikubali tafsiri yake. Alipofika miaka kama 40, naye amekwisha kuwa bwana mkubwa mwenye sifa, mwanafunzi wake mmoja alimwomba aisahihishe. Hunayn hakuchukizwa. Alikuwa amekusanya nakala kadha wa kadha za kitabu kile, basi akazilinganisha neno kwa neno mpaka akapata nakala moja iliyo sahihi, kisha akairudia kazi yake ya ujana. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuachia habari hiyo kwa maandishi. Aliona aibu si kukosea, bali kuliacha kosa likae kitabuni na kupotosha wagonjwa na waganga wa baadaye.

Hunayn hakuwa peke yake. Mwanawe Ishaq na mpwa wake Hubaysh walifanya kazi pamoja naye. Ndugu watatu walioitwa Wana wa Musa, waliokuwa mabingwa wa hesabu na mitambo, walitumia mali yao kununua vitabu na kulipa wafasiri. Thabit ibn Qurra wa Harran, aliyekufa mwaka wa 901, alifasiri vitabu vya hesabu vya Wayunani. Watu wengi wamesikia jina la Nyumba ya Hekima, hazina ya vitabu ya makhalifa iliyopata sifa hasa wakati wa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 mpaka 833. Yafaa tujue, hata hivyo, kwamba kazi ya kufasiri haikuwa ya jumba lile moja. Ilifanywa majumbani mwa watu, madukani na hospitalini, na ndiyo sababu ilidumu kwa muda wa karne mbili na zaidi.

AL-KHWARIZMI NA SIFURI

Msidhani kwamba watu wa Baghdad walipokea tu bila kuongeza. Katika siku za al-Ma'mun alikuwako mtu aliyeitwa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu juu ya aljebra, na neno hilo lenyewe limetoka katika jina la kitabu chake. "Al-jabr" maana yake ni kurudisha kilichopungua, na Waarabu walilitumia hata kwa kazi ya mganga anayeunga mfupa uliovunjika. Mathalan, ukiambiwa kwamba kumi kasoro kitu fulani ni sawa na sita, ile "kasoro" ni kama mfupa uliovunjika. Rudisha kile kitu kilichopungua, ukiongeze pande zote mbili, nawe utaona kwamba kumi ni sawa na sita pamoja na kitu kile. Basi kitu ni nne.

Kwa nini aliandika kitabu hicho? Alisema mwenyewe kwamba alitaka kuwasaidia watu katika mirathi, wasia, ugawaji wa mali, mashauri ya baraza, biashara, upimaji wa mashamba na uchimbaji wa mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za urithi. Chukueni mfano wa namna hiyo. Mwanamke wa Kiislamu amekufa, ameacha mume, mwana mmoja wa kiume na mabinti watatu, na shamba la ekari 20. Kwa sheria ya Kiislamu mume hupata robo, yaani ekari 5. Zinabaki 15, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya binti. Basi zile 15 zagawanywa mafungu matano: mwana apata ekari 6, na killa binti apata 3. Jumlisheni, mtaona kwamba ekari zote 20 zimetimia. Huo ni mfano mwepesi. Weka sasa wasia na madeni ndani yake, uone kama utaweza bila hesabu iliyo sawa! Mahali pasipo hesabu, ndugu huenda kwa mapanga.

Kitabu chake cha pili kilihusu tarakimu za Kihindi. Wahindi walikuwa na njia ya kuandika hesabu zote kwa alama tisa na alama ya mahali patupu. Mwaka wa 628 mtaalamu wao Brahmagupta alikuwa amekwisha kuandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri. Al-Khwarizmi hakusema, "Hiyo ni hesabu ya Wahindi, haituhusu." Aliisoma, akaieleza kwa Kiarabu, akataja wazi kwamba ni ya Wahindi. Ile alama ya mahali patupu Waarabu waliiita "sifr", yaani tupu, nasi tunaiita sifuri.

Sifuri ni kitu kidogo, lakini angalieni nguvu yake. Kwa tarakimu za Kirumi mwaka wa 1888 huandikwa kwa herufi 13. Sisi twauandika kwa alama nne. Na tofauti ya 25 na 205 ni ile sifuri iliyokaa katikati kulinda mahali pa makumi. Mwenye duka anayejua hilo aweza kujumlisha mauzo ya mwezi kwa dakika chache. Asiyejua hana budi kutumia mawe au vidole. Hata katika kuhesabu kwetu twaweza kuiona safari hiyo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno yetu ya Kibantu. Sita, saba, tisa, ishirini na sifuri ni maneno ya Kiarabu. Yamekaa pamoja kama watu wa nyumba moja, wala hakuna mtoto anayekatazwa kusema "sita" kwa kuwa babu zake hawakuisema.

VITABU VINAVUKA BAHARI

Elimu ile haikukomea Baghdad. Mafundi wa karatasi walifika Misri, Maghribi na Andalusia, na vitabu vikafuata njia ile ile. Mji wa Toledo katika Uhispania ulipotekwa na Wakristo mwaka wa 1085, vitabu vingi vya Kiarabu vilikuwamo. Katika karne ya 12 alifika huko Mtaliani aliyeitwa Gerard wa Cremona, akitafuta kitabu kimoja cha elimu ya nyota. Alipoona wingi wa vitabu, alikaa akajifunza Kiarabu, na mpaka alipokufa mwaka wa 1187 alikuwa amefasiri vitabu zaidi ya 70 kwa Kilatini.

Habari ya mwingine inawahusu hasa ninyi vijana. Leonardo wa Pisa aliitwa na baba yake angali mtoto, aende kukaa naye katika bandari ya Bugia, iliyoko Algeria katika bara letu la Afrika. Baba yake alikuwa na kazi katika forodha kwa niaba ya wafanyabiashara wa Pisa. Huko yule kijana alifundishwa tarakimu za Kihindi, akazipenda mno. Alisafiri Misri, Shamu na kwingineko akizidi kujifunza, na mwaka wa 1202 aliandika kitabu kikubwa cha kuwaeleza watu wa nchi yake hesabu hizo. Si wote waliozikubali upesi. Mwaka wa 1299 chama cha wabadili fedha wa mji wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu za daftari zao kwa tarakimu hizo. Lakini baada ya muda walizikubali, maana mtu hawezi kushindana siku zote na kitu kinachomfaa.

MWAKA WA 1258

Sasa nafika kwenye jambo la huzuni. Mwezi wa Februari mwaka wa 1258 jeshi la Wamongoli, likiongozwa na Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, liliingia Baghdad. Khalifa al-Musta'sim aliuawa, na watu wengi sana waliuawa pamoja naye. Hazina za vitabu ziliharibiwa. Watu walisimulia baadaye kwamba maji ya mto Tigris yaligeuka rangi kwa wino. Vitabu vingine viliokolewa na mtaalamu Nasir al-Din al-Tusi, vikapelekwa Maragha katika Uajemi, ambako mwaka wa 1259 ulianza kujengwa mnara wa kutazamia nyota.

Je, ni vingapi vilivyopotea? Hakuna awezaye kuvihesabu. Lakini tunacho kipimo kimoja. Mwaka wa 987 muuza vitabu mmoja wa Baghdad, Ibn al-Nadim, alikuwa ameandika orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua, vya dini na vya mashairi, vya uganga na vya hesabu. Orodha yake tunayo. Vitabu vyenyewe, sehemu kubwa hatunavyo. Tunajua majina yao tu, kama mtu anavyosoma majina juu ya makaburi.

Sasa sikilizeni neno ninalotaka mwende nalo nyumbani. Apollonius, Myunani wa kale, aliandika vitabu vinane juu ya elimu ya maumbo. Vinne vya kwanza vimebaki kwa Kiyunani. Cha tano, cha sita na cha saba vilipotea kwa Kiyunani, lakini tunavyo leo kwa sababu Thabit ibn Qurra alivifasiri kwa Kiarabu. Cha nane hakikuokoka. Kadhalika kitabu kimoja cha Galen, kinachoeleza viungo vya mwili, sehemu zake za mwisho zimebaki kwa Kiarabu tu.

Na kile kitabu cha al-Khwarizmi juu ya tarakimu za Kihindi, je? Maneno yake ya Kiarabu yamepotea. Hayamo Baghdad, wala Cairo, wala mahali po pote panapojulikana. Lakini Wazungu wa karne ya 12 walikuwa wamekifasiri kwa Kilatini, na tafsiri hiyo ipo. Huanza kwa jina lake, lililotamkwa Kilatini kuwa Algorizmi. Na mafundi wa kompyuta wa leo wanapotaja algorithimu, yaani mpango wa hatua za kufanyia hesabu, wanalitaja jina la mtu huyo wa Baghdad.

Mmeona mambo yalivyokuwa? Cha Myunani kilihifadhiwa na Mwarabu, cha Mwarabu kikahifadhiwa na Mlatini. Kilichoazimwa kilipona, na kilichofungiwa mahali pamoja kiliteketea na mahali hapo. Wale waliotoa vitabu vyao vinakiliwe na wageni hawakujua kwamba walikuwa wakiweka akiba. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

YATUPASAYO

Sisi nasi tulipokea sehemu yetu. Pwani ya Afrika ya Mashariki watu walichukua herufi za Kiarabu wakaandika kwazo lugha yao wenyewe. Utendi wa Tambuka uliandikwa huko Pate mwaka wa 1728, na mwaka wa 1858 Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa mausia. Tungo hizo hazikutufikia kwa kuwa zilifungiwa sandukuni. Zilitufikia kwa kuwa watu walizinakili, mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba.

Lakini ni mangapi ambayo hayakuandikwa? Katika killa kijiji yuko mzee ajuaye miti ya dawa, na mpaka wa mashamba ulipopita, na mwaka wa njaa watu walikula nini, na ukoo ulitoka wapi. Mzee huyo ni nakala moja tu. Hakuna nyingine. Hulagu wake si jeshi la wapanda farasi. Ni homa ya usiku mmoja. Kesho yake tutalia matanga, na hatutajua yote tuliyozika.

Basi, vijana, nawaombeni mambo matatu. Kwanza, msione haya kujifunza kwa mtu ye yote. Wakisema, "Hiyo ni elimu ya wageni," wakumbusheni kwamba jina la kalamu lilitoka kwa Wayunani, karatasi kwa Wachina na sifuri kwa Wahindi, na Baghdad haikupungukiwa heshima kwa kuvipokea, ndivyo ilivyoipata. Pili, sahihisheni. Kitu kilichoandikwa si lazima kiwe kweli kwa kuwa kimeandikwa. Kilinganisheni na kingine, ulizeni mzee wa pili na wa tatu, na mkiona mmekosea, fanyeni kama Hunayn. Tatu, andikeni, tena andikeni mara mbili. Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Mali hiyo si fedha na ng'ombe peke yake. Leo jioni chukua daftari, ukae karibu na bibi yako au babu yako, umwulize jambo moja analolijua yeye kuliko watu wote, uliandike kama alivyolisema. Kisha nakili tena katika daftari la pili, ulipeleke kwa ndugu yako wa kijiji kingine. Nyumba moja ikiungua, ya pili itakuwa imesalia.

Nanyi wazee wetu, nawaombeni kwa heshima: mtoto akija na kalamu yake na maswali yake mengi, msimfukuze.